Somo la Shamba: Ua la Mkarafuu Lilivyo Ndani



Kila mmoja wetu aijua karafuu. Twaijua kwa harufu kabla hatujaiona, twaijua kwa mkono gizani, na wake zetu na watoto wetu waijua kwa kuichambua mpaka vidole vikageuka rangi. Lakini tukiulizana, ua la mkarafuu likichanua lina nini ndani yake, wengi wetu hunyamaza. Wala si ajabu. Kazi yetu ni kulichuma ua kabla halijachanua. Ua lililochanua kwetu ni hasara, na mtu hapendi kuikodolea macho hasara yake.

Katika somo hili twataka tulitazame ua hilo kwa jicho la karibu, karibu kuliko jicho lilivyo, yaani kwa kioo cha kukuzia na kwa hadubini. Hatufanyi hivi kwa mchezo. Mwishoni mtaona kwamba mambo manne tuyafanyayo kila mwaka shambani, nayo ni kuchuma, kuanika, kupalilia na kuchagua mbegu, yote yana sababu zake ndani ya kitu kisichofika urefu wa sentimita mbili.

Somo lilivyoanza

Somo hili lilizaliwa na ubishi. Msimu mmoja uliopita, hapa Vitongoji, wachumaji walikuwa wachache na mvua ikatuzuia siku kadhaa. Tukasema, "Mikarafuu ile ya mwisho tutaimaliza wiki ijayo." Tuliporudi, vichwa vilikuwa vimekwisha kuanguka na matawi yamejaa nyuzi nyeupe mfano wa brashi. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tukazichuma hivyo hivyo, tukazichanganya na nzuri, tukazianika jamvi moja. Siku ya kupima, mzigo wote ulishuka daraja.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mzee mmoja alisema, "Karafuu ni karafuu, uzito ni uzito, hapa tumeonewa." Kijana mmoja akajibu, "Hatukuonewa, mzee wangu. Ua likifunguka mafuta hupaa yote, hubaki kapi." Wa tatu akasema kilichopungua ni kichwa tu, na kichwa hakina kazi. Tukaona kwamba sote twasema, lakini hapana hata mmoja aliyewahi kutazama. Basi tukaazima hadubini ya shule kwa mwalimu mmoja, tukanunua wembe mpya, tukakaa barazani na matawi mawili ya mkarafuu: moja lenye karafuu za kuchumwa, na moja lenye maua yaliyochanua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kichwa na shingo

Chukua karafuu mbichi moja. Ina sehemu mbili kubwa. Ya chini ni shingo ndefu, nene, yenye pande nne zisizo kali. Ya juu ni kichwa cha mviringo, kimezungukwa na meno manne. Meno hayo manne ndiyo sepali. Kichwa chenyewe ni petali nne zilizolaliana, moja juu ya mwenziwe, zikafanya kofia. Ua lichanuapo, kofia hiyo haifunguki kama ua la mwalaridi. Huachia kwenye shina lake ikaanguka. Ndiyo maana chini ya mkarafuu uliochelewa kuchumwa twaona vikofia vidogo vimetapakaa ardhini.

Sasa pasua karafuu kwa wembe, kutoka kichwani hadi mwisho wa shingo. Chini ya kofia mna nyuzi nyingi zilizokunjwa kwa ndani na kubanwa pamoja. Katikati yake umesimama msumari mmoja mfupi na mnene. Chini ya msumari huo, katika sehemu ya juu ya shingo, mna vyumba viwili vidogo vyenye punje changa. Hizo ndizo sehemu za uzazi: nyuzi ni za kiume, zaitwa stameni, msumari na vyumba vyake ni vya kike. Ua moja la mkarafuu lina kiume na kike pamoja.

Vifuko vya mafuta

Kata tena karafuu nyingine, safari hii kwa kupitisha wembe kwenye shingo, upate kipande chembamba kama karatasi. Kiweke juu ya kioo, tia tone la maji, kitazame.

Ukingoni kabisa mna ngozi yenye utando mzito wa nta. Ndani yake tu, mfululizo kuizunguka shingo yote, mna vifuko vyenye umbo la yai, vimepangwa safu mbili au tatu. Hivyo ndivyo vifuko vya mafuta ya karafuu. Kimoja chaweza kufika sehemu ya tano ya milimita, kwa hiyo hata kwa kioo cha mkono mtu mwenye macho mazuri ataviona kama vitundu. Ndani zaidi mna mishipa ya kupitishia maji na chakula, kisha nyama laini yenye nafasi nyingi za hewa kama sponji, na katikati nguzo moja.

Basi fahamuni jambo hili. Mafuta ya karafuu hayakuenea tu mwilini mwake kama maji katika kitambaa. Yamefungwa ndani ya vifuko, na vifuko vyenyewe vi karibu sana na ngozi. Ndiyo sababu ukiibinya karafuu njema kwa ukucha, mafuta hujitokeza. Na ndiyo sababu karafuu zikikanyagwa, zikipondwa gunia kwa gunia, au zikirundikwa mbichi mpaka zikapata moto na kuchacha, thamani hupotea: umevunja mtungi kabla hujaufikisha sokoni.

Vifuko hivyo havimo shingoni tu. Vimo katika petali za kichwa, na hata kwenye ncha ya kila uzi wa kiume mna kifuko kidogo. Majani nayo yanavyo. Lishike jani changa la mkarafuu ulielekeze juani, utaona vitone vinavyopenya mwanga. Fanya vivyo hivyo kwa jani la mpera, la mzambarau au la mkaratusi, utaona vitone kama hivyo, maana miti hiyo yote ni ya ukoo mmoja. Makonyo pia yana mafuta, ijapokuwa machache kuliko karafuu, na kwa ajili hiyo kiwanda cha mafuta kilichoko Wawi hupokea makonyo.

Sahani ya mbochi

Sasa tulichukue lile tawi la pili, lenye maua yaliyochanua. Kofia imekwenda, nyuzi zimesimama huru. Ziondoe taratibu kwa ncha ya sindano. Utaona kwamba msumari wa katikati umesimama juu ya sahani ndogo yenye nyama, yenye pande nne kama shingo ilivyo. Sahani hiyo hung'aa. Ukiigusa kwa ulimi asubuhi, ni tamu. Hayo maji matamu ndiyo mbochi, na ndiyo yafuatwayo na nyuki.

Mbochi yatoka wapi? Kwa jicho tupu sahani haina tundu lolote. Lakini ukibandua ngozi yake nyembamba na kuitazama kwa hadubini, mna vitundu vidogo, kila kimoja kimezungukwa na midomo miwili. Midomo ya namna hiyo imo pia chini ya majani yote ya miti, na huko kazi yake ni kupitisha hewa. Hufunguka na kufumba kwa kadiri ya jua na maji. Katika maua mengi ya ukoo huu wa mkarafuu na mkaratusi, vitundu vya kwenye sahani vimegeuzwa kazi. Midomo yake hukaa wazi, na badala ya kupitisha hewa hupitisha utamu. Wataalamu wenye hadubini za elektroni, ambazo hukuza mara maelfu, wamepiga picha za vitundu hivyo, navyo huonekana kama vinywa vilivyo wazi.

Utamu huo hauji bure. Mti hutengeneza sukari kwa majani yake, kisha huipeleka kwa mishipa mpaka kwenye sahani. Kwa hiyo kila ua lililoachwa likachanua limeutoza mti sukari, na likishika tunda litautoza zaidi.

Nyuzi na chavua

Tulijaribu kuzihesabu nyuzi za ua moja, tukachoka. Ni nyingi mno. Kila uzi una kichwa kidogo juu yake, na kichwa hicho kikipasuka humwaga unga wa rangi ya maziwa. Unga huo ni chavua, ndiyo mbegu ya kiume.

Kung'uta unga huo juu ya kioo, uutazame kwa ukuzaji wa mara 400. Kila chembe ina pembe tatu, mfano wa sambusa. Udogo wake ni huu: ukizipanga mstari mmoja, chembe zaidi ya 50 zaingia katika milimita moja. Chembe za mpera na mzambarau nazo zina pembe tatu. Ndiyo alama ya ukoo. Mtaalamu akipewa tone la asali aweza kuzitafuta chembe za chavua ndani yake, akajua nyuki walikwenda kwenye miti ya ukoo gani. Ndugu zetu wafugao nyuki wakumbuke hilo: asali hubeba hati yake ndani.

Chembe moja ikitua juu ya ncha ya ule msumari, huota. Hutoa mrija mwembamba unaoshuka ndani ya msumari mpaka kwenye vile vyumba viwili, ukaifikia punje changa. Mkarafuu waweza kujitungisha kwa chavua yake wenyewe, lakini wadudu huhamisha chavua toka ua hadi ua na mti hadi mti. Punje changa ni nyingi, lakini kwa kawaida moja tu hukua ikawa mbegu.

Jirani asiye na asali

Msidhani kwamba kila ua lenye rangi lina mbochi. Chini ya mikarafuu yetu hutambaa jani moja ambalo kila mpaliliaji analijua: lina shina la maji, hutoa mizizi kila kifundo kinapogusa ardhi, na ua lake ni la buluu lenye petali mbili kubwa kama masikio. Kila mtaa una jina lake. Wataalamu huliita Commelina benghalensis. Hufunguka asubuhi, na kufika adhuhuri limekwisha kunyauka.

Tulilitazama nalo. Kwanza, halina sahani ya mbochi wala vitundu vyake. Yale maji ya utelezi yaliyomo katika kifuko cha chini ya ua, ambayo watoto hupenda kuyakamua, si asali. Pili, nyuzi zake si za namna moja. Zile za chini hubeba chavua ya kweli. Za juu zina vichwa vya manjano mbichi vyenye ncha nne, vizuri kuliko vya kweli, lakini kazi yake kubwa ni kumvuta mdudu kwa rangi. Nyuki huja kwa sababu ya yale manjano, akaondoka na chavua ya kweli mwilini bila ya kuonja tone la mbochi. Ua hili ni muuza duka aliyepamba dirisha na ndani hana sukari.

Tatu, na hili ndilo la kulishika: ling'oe taratibu pamoja na udongo wake. Chini ya ardhi utakuta vijiti vyeupe vyenye vikonyo vilivyofumba. Hayo nayo ni maua. Hayafunguki kamwe, hayamngoji mdudu, hujitungisha yenyewe gizani na kutoa mbegu huko huko. Mwenye kulikwangua juu kwa jembe na kujisifu kwamba amepalilia, amekata duka na kuacha ghala. Tena vipande vya shina alivyovikata na kuviacha penye unyevu vitaota upya. Basi kwenye miche michanga ya mikarafuu ling'oeni kwa mizizi, mapema, kabla halijajaza mbegu, kisha mlianike juani juu ya mawe mpaka likauke kabisa. Mawe kwetu Vitongoji hayakosekani.

Ubishi uliamuliwaje

Tulipokwisha kutazama, tukarudi kwenye neno letu la kwanza. Nani alisema kweli?

Aliyesema kichwa hakina kazi alikosea. Kichwa kina vifuko vya mafuta, na nyuzi zilizomo ndani yake zinavyo pia. Kofia ikianguka, kisha nyuzi zikinyauka, mafuta yake yamekwenda na uzito wake umekwenda.

Kijana aliyesema mafuta hupaa yote naye hakupatia sawasawa. Vifuko vya shingoni bado vipo. Ila shingo ile, ikisha kutungwa, haiwi karafuu tena. Imeanza safari ya kuwa tunda. Huvimba, hujaa maji na wanga, na mafuta hayaongezeki kwa kadiri ile. Karafuu njema iliyokauka ina mafuta kiasi cha sehemu 15 hadi 20 katika kila 100 za uzito wake. Tunda lililokauka lina mafuta machache sana.

Na mzee wetu aliyesema uzito ni uzito? Naye tulimpa heshima yake, kwani alikubali kuinama kwenye hadubini kabla ya wote. Akatazama shingo ya karafuu njema, akatazama na ya iliyochanua, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi anunuaye hanunui uzito. Hununua vifuko." Hatukuwa na la kuongeza.

Tunda na mbegu

Hata hivyo maua mengine yatupasa tuyaache yachanue, tena kwa kusudi. Pasipo ua kuchanua hapana tunda, pasipo tunda hapana mbegu, na pasipo mbegu hapana mkarafuu. Mti huu si wa asili ya kwetu. Kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Kiasi cha mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre aliwezesha miche kufikishwa Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja na Pemba. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikawa ndiyo nguzo ya zao hili. Kila mti tulio nao leo babu yake ni tunda ambalo mtu aliliacha likaiva.

Tatizo ni kwamba wengi wetu huokota mbegu chini ya mti wowote tuliochelewa kuuchuma. Yaani mbegu zetu twazichagua kwa uvivu wetu, si kwa wema wa mti. Yafaa mwenye shamba achague mti mmoja au miwili yenye afya, iliyozaa vizuri miaka mingi, akaache matawi machache bila kuchuma. Tunda likigeuka rangi ya zambarau iliyokoza, limeiva. Limenye, uioteshe mbegu mara moja. Mbegu ya karafuu haiwekwi akibani kama mahindi. Ikikauka hufa, na siku chache tu zatosha kuipoteza.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuchume karafuu ikisha kujaa na kuanza kuwiva rangi, kofia ikiwa bado imefumba. Kwa kuwa konyo moja halifikii lote kwa siku moja, turudi kwenye mti ule ule zaidi ya mara moja.

Pili, tusivunje vitawi. Ua la mkarafuu huzaliwa kwenye ncha ya kitawi. Avunjaye ncha kwa kuvuta kwa nguvu amekata na mavuno yajayo. Tawi livutwe taratibu kwa upembo.

Tatu, zilizochanua zisichanganywe na nzuri. Zianikwe mbali. Mkono mmoja wa mbovu waweza kushusha gunia zima, kama sisi tulivyojifunza kwa gharama yetu.

Nne, karafuu zichambuliwe na kuanikwa siku ile ile, kwa tabaka nyembamba juu ya jamvi safi. Zisirundikwe usiku zikapata moto.

Tano, tusinyunyize dawa za kuua wadudu maua yanapokuwa wazi, maana tutawaua nyuki waliokuja kwenye sahani ile ya mbochi.

Jaribio la nyumbani

Asiye na hadubini asihuzunike. Chukua karafuu kavu kumi, uzitie katika bilauri ya maji. Zenye mafuta mengi zitazama, au zitaelea zimesimama wima kichwa kikiwa juu. Zilizokwisha mafuta zitalala ubavu juu ya maji. Kisha binya moja nzuri kwa ukucha utazame mafuta yakitoka.

Maswali ya kujipima

1. Kichwa cha karafuu kimefanyika kwa nini, na kikianguka twapoteza nini?
2. Vifuko vya mafuta vi wapi katika shingo, na kwa nini hatupaswi kuzikanyaga karafuu?
3. Mbochi hutokea sehemu gani ya ua, nayo hupitia wapi?
4. Kwa nini kulikwangua lile jani la ua la buluu kwa juu tu hakutoshi?
5. Katika shamba lako, mti upi ungeuacha kwa mbegu, na kwa sababu gani?

Swali la tano halina jibu moja. Kila mwanachama alijibu akiwa amesimama chini ya mti wenyewe, kabla msimu haujaanza, kisha aufunge huo mti kamba ya alama wachumaji wasiyamalize matawi yake yote.